Kikundi: Watoto wa Mzee, Muheza

IJUMAA

Da Asha (19:04): Assalam aleykum ndugu zangu. Mteja wa kiwanja anakuja Jumapili. Analipa kwa mita ya mraba, 9,000. Hataki kusikia "nusu eka hivi". Nataka ukubwa kamili leo leo. Na mwenye futi kamba ndefu ajitokeze, maana Zuhura amepima kwa futi ya fundi ya mita 5, kila akihamisha anapoteza kidogo.

Da Asha (19:40): Watu 14 mmesoma. Hata salamu hakuna wa kuitikia?

Kaka Hamisi (19:52): Waaleykum salaam. Karatasi ya mzee imeandikwa hatua 35 kwa 70. Hiyo ni 2,450. Kazi imekwisha.

Da Asha: Kaka, hatua siyo mita. Na ni hatua za nani?

Bamdogo: Marehemu kaka alikuwa anavuka mfereji bila kuruka 😂

Idi wa Bamdogo: Mimi nimezunguka na simu ikasoma 2,310. Nikarudia, 1,860

Da Asha: Chini ya michungwa yote ile simu inaona mbingu wapi? Tuache hayo. Zuhura, weka vipimo.

Zuhura: Shikamooni wote. Barabarani 52. Upande wa fundi cherehani 41. Nyuma, kutoka kwa fundi mpaka kwenye mwembe, 60. Kutoka mwembe kurudi barabarani kwa kufuata korongo, 33.

Kaka Hamisi: Basi rahisi. 52 na 60 wastani wake 56. 41 na 33 wastani wake 37. Zidisha: 2,072. Nusu eka ni 2,023. Nusu eka na chenji inabaki.

Zuhura: Baba samahani, hiyo ingekubali kama kona zote zimenyooka. Kiwanja chetu kimelala upande. Ni kama kitanda cha kamba kilicholegea, mbao ni zilezile nne lakini ukikisukuma nafasi ya kulala inapungua.

Bamdogo: Kitanda cha nani hicho kimelegea 🤣🤣

Idi wa Bamdogo: Baba usianze

Mama Kulthumu: 😂😂😂😂

Da Asha: Jamani! Zuhura endelea.

Zuhura: Ndiyo maana nilipima na kona kwa kona, kutoka kona ya chini ya barabara mpaka kona ya nyuma kwa fundi. 57. Sasa tuna pembetatu mbili. Ya kwanza 52, 41, 57. Jumlisha, gawa kwa mbili, unapata 75. Halafu 75 × 23 × 34 × 18, tafuta kipeuo cha pili: 1,027. Hizo 23, 34 na 18 ni 75 ukitoa kila upande. Ya pili 57, 60, 33, nayo nusu yake ni 75 hiyohiyo. 75 × 18 × 15 × 42, kipeuo chake 922. Jumla karibu 1,950.

Da Asha: Kwa hiyo Kaka na wastani wako tungemdai mtu mita 122 ambazo hazipo. Shilingi 1,098,000. Na angeleta mpima wake tungeaibika.

Kaka Hamisi: Sawa, ila mzee alinunua nusu eka kamili. Kama sasa haifiki, kuna mahali imeliwa. Na sote tunajua ni kona ya mwembe.

Kaka Hamisi: Tunajua na baiskeli ilitoka wapi.

Da Asha: Kaka, siyo leo.

Kaka Hamisi: Lini basi? Kila siku siyo leo.

Bamdogo: _Ujumbe huu umefutwa_

Bamdogo: _Ujumbe huu umefutwa_

Da Asha (21:15): Naomba turudi kwenye mada. Mpima mwenye leseni anataka nauli na chakula, mchango 20,000 kila mmoja. Waliotoa mpaka sasa: mimi na Mama Kulthumu.

Binamu wa Korogwe: Yanga wamefunga ngapi?

JUMAMOSI

Zuhura (06:48): Bibi amenisikia nikiwasomea akina Idi ujumbe. Kaniambia niandike kama anavyosema, nisipunguze.

Zuhura: "Mwembe haukuwa wetu. Ulikuwa wa jirani tangu mwanzo, baba yenu aliomba kivuli. Shemeji yangu, Bamdogo wenu, hakuuza kona, kona hatukuwa nayo. Baiskeli aliinunua kwa machungwa yake, nilimpa mimi magunia. Baba yenu alijua. Nilinyamaza kwa sababu alikuwa mume wangu.

Mpaka wetu ni mnyaa wa tatu kutoka korongoni. Naujua kwa sababu pacha wa Juma tulimzika hatua nne kutoka hapo, upande wa ndani. Mkishika kamba mpite taratibu."

Da Asha (07:30): Shikamoo Mama. Tumesikia.

Mama Kulthumu: Shikamoo Mama 🙏

Kaka Hamisi (09:12): Shikamoo Mama.

Juma Mwanza (11:05): Kumbe ni pale.

Da Asha (12:20): Zuhura, hesabu inasemaje sasa?

Zuhura: Pembetatu ya barabarani haijaguswa Shangazi, 1,027. Ile ya nyuma ndiyo haina kona tena. 60 na 33 zote zilikwenda kwenye mwembe, tufute. Nikipata mnyaa wa tatu napima upya, ila minyaa ya korongoni imekatwakatwa, Bibi itabidi aje mwenyewe anionyeshe shina. Leo mvua.

Da Asha: Na mteja kesho?

Kaka Hamisi: Na lile kaburi tunauza nalo au tunakata kipande?

Da Asha: Kaka hilo muulize Mama, mimi siliulizi.

Da Asha: Bamdogo, uko? Usitoke kwenye kikundi. Kesho tunakuhitaji pale, wewe na Mama ndio mnaoijua minyaa ile.

Idi wa Bamdogo (15:41): Baba kaenda shamba, simu kaacha nyumbani

Da Asha: Mchango bado ni watu wawili.

Shemeji Athumani (22:17): Aleykum salaam. Nilikuwa sina bando. Futi kamba ninayo, ya mita 100. Mlikuwa mnaitaka lini?