Sanduku la kufuli tatu au simu? Vikundi vya mwaloni vihamie wapi

Mwanakikundi Kirumba
Habari za jioni ndugu zangu. Kikundi chetu cha kuweka na kukopa ni cha wamama wanaonunua dagaa Mwaloni Kirumba, soko la samaki la hapa Mwanza, na wachache wenye genge Pasiansi. Tunatumia sanduku la chuma lenye kufuli tatu, funguo wanashika watu watatu tofauti, na kila mwanachama ana kitabu chake kinachogongwa muhuri kwa kila hisa. Mabinti waliojiunga mwaka huu wanataka tuhamie kwenye simu, pesa isilale tena chini ya kitanda cha mtu. Afisa maendeleo ya jamii naye anasukuma huko huko, anasema ukiomba ile mikopo ya vikundi inayotoka kwenye asilimia 10 ya mapato ya halmashauri, kumbukumbu za kwenye mfumo zinasomeka haraka kuliko daftari. Wakongwe wa kikundi hawataki hata kusikia. Jumamosi tunapiga kura. Mimi nipo upande wa simu, maana mgao wa Desemba, tunapogawana akiba, tulihesabu mpaka saa mbili usiku na bado vitabu vilisema hivi, sanduku likasema vile. Leteni hoja.

Leja Haidanganyi
Simu, bila kuzunguka. Nasaidia vikundi vya Igoma na Buhongwa kufunga hesabu, nakwambia pesa ya kikundi haiibwi na jambazi. Inapotelea mezani. Faini imelipwa haikuandikwa. Mfuko wa jamii, ule wa kusaidiana kwenye shida, umechanganywa na hisa. Mtu kagongewa mihuri mitatu, kalipa ya miwili, "ya tatu naleta kesho". Kwenye simu huwezi kugonga muhuri wa pesa ambayo haijaingia, na pesa haitoki mpaka viongozi waidhinishe, kila mmoja kwa namba yake ya siri. M-Koba, huduma ya Vodacom ya akiba za vikundi, ipo tangu 2019, si kitu kigeni. Tatizo wamama wa mwaloni shule ni ndogo, wanaogopa wasichokijua.

Mama Dagaa
Shule ndogo? Kaka Leja, njoo mwaloni alfajiri mitumbwi ikishusha. Utanikuta napanga bei ya gunia na mnunuzi wa Kongo, natoa ushuru, natoa wabebaji, natoa nauli ya gari, na faida naijua kabla gunia halijafungwa mdomo. Sina kikokotoo. Wewe mwenye shule unajua dagaa havuliwi kwenye mbalamwezi? Mwezi ukiwa mkubwa taa hazivuti kitu, mitumbwi inakaa, na sisi tunakaa. Kwenye kikundi tunajuana, mwezi ukififia kila mtu analeta na alizoruka. Sasa huo mfumo wako unajua mwezi? Utanipiga faini kila wiki kwa pesa ambayo bado iko ziwani.
Na jingine mnalipita haraka. Simu inalia usiku, ujumbe wa salio unasomwa na mume. Hiyo akiba ni yangu tena?

Baba Wawili Nyegezi
Hapo ndipo nilipotaka kufika. Kumbe sanduku linatetewa kwa sababu ya kuficha! Mimi nalipa kodi, nalipa ada, naacha ya matumizi, halafu mwenzangu ana hisa mahali ambapo mimi sipajui? Ndoa gani hiyo? Pesa halali haiogopi kusomwa.

Binti wa Ukara
Baba Wawili, shikamoo. Naomba nikujibu kwa heshima ila nakujibu. Mama yangu alituvusha sekondari kwa kikundi ambacho baba hakujua kinakutana wapi. Baba hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mvuvi, akitoka kambi ya kisiwani na pesa, anarudi na marafiki, na marafiki hawaondoki mpaka pesa iishe. Akijua kuna akiba angeiomba kwa upole kabisa, na mama angempa. Sanduku lilikuwa linamsaidia mama kusema hapana bila ugomvi. "Siyo yangu, ni ya kikundi, ufunguo hauko kwangu." Simu yenye salio la jina lako inakunyang'anya hilo jibu.

Baba Wawili Nyegezi
Marahaba binti. Pole kwa ya baba, ila usitupake wote rangi moja. Wapo wanaume tunaorudi na pesa nyumbani.

Mama Dagaa
Nani kasema wote? Mbona umeumia?

Tingo wa Kamanga
Mimi simu siziamini kabisa kwenye mambo ya pesa. Kuna hizi programu za mkopo wa haraka, kausha damu. Jirani yangu alikopa, akachelewa, wakawatumia ujumbe watu wote waliomo kwenye simu yake, mpaka mchungaji na mama mkwe. Benki Kuu yenyewe ilizipiga marufuku 69 mwezi Novemba 2024. Na tozo ya serikali ya miamala ya simu mmesahau? Pesa yako mwenyewe ukiituma unakatwa elfu kumi.

Leja Haidanganyi
Tingo, unachanganya uji na ugali. Zile 69 zilikuwa zinakopesha bila leseni. Akiba ya kikundi ni kitu kingine, hiyo mnakopeshana wenyewe. Na elfu kumi ilikuwa kiwango cha juu cha muamala mkubwa, tozo ilipoanza Julai 2021. Septemba mwaka huo huo ikapunguzwa kwa asilimia 30, na baadaye tena. Gharama ya kutoa ipo, siikatai, ipigwe hesabu kabla ya kura. Lakini sanduku nalo lina gharama. Kikundi kimoja ninachokifahamu kilivunjiwa mlango usiku wa kuamkia mgao. Kufuli tatu hazikusaidia, walibeba sanduku zima.
Mama Dagaa, sikukutukana. Hesabu ya kichwani unayo. Nauliza hesabu ya wenzako wote inakaa kichwani mwa nani ukiumwa?

Mama Dagaa
Umesema shule ndogo. Imeandikwa hapo juu.

Mzee wa Pamba
Vijana, ngoja niseme jambo la kwetu Usukumani. Baba zetu walilima pamba, wakawa wanapunjwa kwenye mizani ya wafanyabiashara. Miaka ya mwanzo ya 1950, akina Paul Bomani walipowakusanya wakulima, waliweka watu wao wa kupima, wasimame pale pale pamba inapouzwa na kuhakiki uzito. Kutokea hapo ushirika ukakua mpaka ikaundwa Victoria Federation, muungano wa vyama vya ushirika, mwaka 1955. Mizani iliendelea kuwa chombo kile kile. Kilichobadilika ni kwamba mkulima sasa alikuwa na mtu wake anayesoma.
Kwa hiyo Mwanakikundi, siulizi simu au sanduku. Nauliza, wanachama wangapi wa kikundi chako wanaweza kuifungua hiyo simu wenyewe na kusoma kilichomo? Kwenye sanduku, pesa inahesabiwa katikati ya mkeka, asiyejua kusoma anaona kwa macho. Ikihamia kwenye simu wakaelewa mabinti wawili tu, mmewarudisha wengine kwenye mizani ya kupunjwa, hata kama mabinti hao ni waaminifu.

Baba Wawili Nyegezi
Mzee heshima yako, ila narudi kwenye la kuficha. Mke wangu akiwa na kikundi nisichokijua nitajisikiaje?

Binti wa Ukara
Sasa hapa tunajadili kikundi au tunajadili nyumba yako baba?

Mwanakikundi Kirumba
Naomba turudi jamani, ingawa hili la ujumbe wa usiku limenigusa. Wapo kwetu wanaotumia simu ya mume, laini ya mume. Hilo halikuwa kwenye hesabu zangu. Kuna jingine linanisumbua. Kama tukiamua kufungua laini ya kawaida tu ya kikundi, inasajiliwa kwa kidole cha mtu mmoja na kitambulisho chake cha NIDA. Akifariki je?

Leja Haidanganyi
Msifanye hivyo kabisa. Pesa itakuwa ya marehemu, mtabishana na ndugu zake msibani. Sajilini kikundi kwanza, tangu Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 vikundi vyenu viko daraja la nne, lile la vikundi vya kijamii, halmashauri ndiko pa kuanzia. Halafu akaunti iwe kwa jina la kikundi. Na vitabu vya muhuri endeleeni navyo walau mpaka mgao mmoja upite, mfumo na kitabu vilinganishwe mbele ya wote.

Mwanakikundi Kirumba
Basi Jumamosi nitaomba tupige kura kwanza ya kusajili. Ya simu ifuate, na vitabu vibaki.

Mama Dagaa
Na kura ya siku ya kuweka. Iandikwe kwenye katiba ya kikundi kwamba tunaweka wakati wa giza, na wiki ya mbalamwezi haina faini. Hilo lisipopita, mimi na wenzangu tunabaki na sanduku letu.