Ratiba imebandikwa ukutani, mtoto bado anagoma

mlezi_mpya: Wakuu, naomba msaada. Mtoto ana miaka 3 na nusu. Kuacha mchezo ni kilio, kuoga ni kilio, kulala ni mvutano wa saa nzima. Tumeandika ratiba: 12:30 jioni kuoga, 1:00 chakula, 2:00 kulala. Wiki imepita, hali ni ileile. Tunakosea wapi?

mwalimu_awali: Hiyo ni ratiba yenu, si ya mtoto. Umri huo hajui 12:30 ni kitu gani. Anachoshika ni kipi kinafuata kipi. Shikeni mfuatano, dakika zikisogea kidogo si neno. Kwa usiku: kuoga, nguo za kulala, mswaki, hadithi moja, taa. Yote yaishe ndani ya dakika 30 hadi 40.

Pigeni picha ya kila hatua, zibandikeni usawa wa macho yake, naye aifunike kila anayoimaliza. Akigoma, usibishane. Muulize, "Picha gani inafuata?" Hapo anayeamuru ni picha, kwa hiyo hana wa kushindana naye.

Na msipange siku nzima kwa mkupuo. Usiku tu kwa wiki mbili, ukishakaa ndipo mhamie asubuhi.

malezi_kwa_vitendo: Naongezea hapo kwenye kuacha mchezo, maana ndipo wengi tunapokwama. "Bado dakika tano" kwake ni maneno matupu. Hesabu kwa vitendo: "Jenga minara miwili, kisha tunaoga." Usimwambie kwa sauti kutoka chumba kingine, msogelee, chuchumaa, akutazame kwanza. Minara miwili ikiisha, imeisha. Mpe kazi ya kumvusha, kama kubeba taulo.

Usiulize "Unataka kuoga?" kama jibu la "sitaki" hulikubali. Uliza, "Unaenda kwa kuruka au kwa kutembea?" Majibu yote mawili yanafika bafuni.

mlezi_mpya: Asanteni sana. Siku ya tatu kilio kilizidi, tukamwachia aendelee kucheza. Ndiyo kosa?

mwalimu_awali: Ndiyo, ila linarekebishika. Kilio huwa kinapanda kwanza kabla ya kushuka, kwa sababu njia aliyoizoea imegoma naye anaisukuma kwa nguvu zaidi. Ukilegea hapo, anajifunza kwamba kilio cha kawaida hakitoshi, kirefu ndicho kinacholipa. Kulegea leo na kukaza kesho ndiko kunakoifanya tabia ing'ang'anie, maana kila siku ana sababu ya kujaribu tena.

Lakini kukaza si kufoka, tafadhali. Mwambie kwa upole, "Najua ulitaka kuendelea, inauma," huku mkielekea bafuni. Ana haki ya kulia; mfuatano haubadiliki.

malezi_kwa_vitendo: Angalieni na usingizi wa mchana. Mtoto wa miaka 3 hadi 5 anahitaji saa 10 hadi 13 kwa siku, wa mchana ukiwemo. Akiamka saa 11 jioni, saa 2 usiku atakuwa hana usingizi kabisa, na hakuna picha itakayomlaza. Mwamsheni mapema zaidi, na skrini zizimwe saa nzima kabla ya kitanda.

Siku ya safari au wageni, mwambieni tangu asubuhi kitakachobadilika. Hatua nyingine zikikosekana, mswaki na hadithi vibaki, kwa mfuatano huohuo.