Baba mtoto anasema shule ni bure, na akifika miaka saba anamchukua. Ni kweli?

MamaK_Mbagala
Habari zenu wakuu, naombeni ushauri maana nimechoka kugombana kwenye simu. Mimi na mzazi mwenzangu tuliachana mwaka juzi, ndoa hatukufunga tuliishi tu, tuna binti yuko darasa la kwanza, mwezi wa kumi anatimiza 7. Mwanzo alikuwa anatuma 80,000 kila mwisho wa mwezi bila shida, tangu aoe ikawa 50,000, mara 30,000, mara kimya mpaka nimtafute. Nikiuliza ananijibu shule za serikali hazina ada tangu 2016 sasa hela ya nini, au unamlisha mwanaume mwingine? Mwezi uliopita kaja na mchele kilo kumi na dazeni ya madaftari, akanipiga picha napokea eti ushahidi 😂 nacheka ila inauma. Ada kweli hakuna ila kuna uji wa shule, twisheni, sare, viatu mtoto anamaliza soli kwa kuruka kamba, na kodi ya chumba yeye haihesabu kabisa. Juzi nikamwambia basi likizo haji kwako mpaka utume, akasema poa tu, oktoba anafika saba na sheria inasema hapo ni wa baba. Ni kweli? Na nikienda ustawi wa jamii si wataona namkomoa?

Kaka_Tandika
Pole dada ila sikiliza na upande wa pili. Mimi natoa matunzo, na kuna kipindi nilikuwa natuma hela halafu naambiwa mtoto karudishwa twisheni hajalipiwa, roho inauma wewe acha. Sikuhizi mwalimu namlipa mwenyewe, viatu nanunua mwenyewe, amani. Mwambie alipe moja kwa moja uone kama tatizo ni hela au ni wewe. Ila kumzuia mtoto asimuone baba hapana, hapo unampa silaha.

Shangazi_Mkali
@Kaka_Tandika sawa mwalimu kalipwa, na mwenye nyumba je? Mkaa, dawa ya usiku mtoto akipata homa, sabuni? Mtoto anashinda kwa mwalimu lakini halali kwa mwalimu. Nyie mnataka kununua vitu vinavyoonekana kwenye picha tu.

Kaka_Tandika
Sijasema asitoe hela ya kula jamani, nimesema vigawanywe.

Ustawi_Mstaafu
Mwanangu, hiyo ya miaka saba nimeisikia mezani kwangu mpaka nikazeeka nayo. Sheria ya Ndoa ya 1971 inasema mtoto wa chini ya miaka saba inachukuliwa ni vizuri awe na mama yake, isipokuwa kuna sababu ya kuona vinginevyo. Basi. Hakuna palipoandikwa kwamba siku ya kuzaliwa kwake baba anakuja na begi. Akimtaka aende mahakamani, na huko wanaangalia maslahi ya mtoto, na mtoto mwenyewe anasikilizwa.

Kuhusu matunzo, Sheria ya Mtoto ya 2009 haiulizi kama mlifunga ndoa. Kabla yake mtoto wa nje ya ndoa mahakama ilikuwa haiwezi kumpangia zaidi ya shilingi 100 kwa mwezi, leo hata andazi la maana hupati, ndo ikafutwa. Sasa hivi wanaangalia kipato cha wazazi WOTE wawili (na wewe utaulizwa unaingiza nini, usishtuke), gharama za maisha pale mtoto anapoishi, na watoto wengine wanaomtegemea. Kwa hiyo kuoa kwake kunaweza kupunguza kiwango, jukumu halifutiki. Mchele nao usiukatae, ni matunzo, ila uandikwe pamoja na hela.

Anzia kwa afisa ustawi wa kata au halmashauri. Baba anapelekewa wito, mnakaa, mnaandikiana kiasi, tarehe na siku za mtoto kwenda kwake, mnasaini. Akikaidi, hapo ndo mahakama ya watoto, na inaweza kuagiza akatwe kwenye kipato chake. Likizo mruhusu binti aende. Matunzo na kumuona mzazi ni haki zake zote mbili, mkianza kubadilishana moja kwa nyingine mtavutana mpaka darasa la saba.

Fundi_Charahani
Kama jamaa ana ajira mwambie amuingize mtoto kwenye bima ya afya ya kazini kwake, watu wanasahau hii wanabaki kugombania elfu hamsini.

MamaK_Mbagala
Ajira anayo, bima nimemwambia akasema mke wake atauliza maswali 🙄 Asante mzee, likizo nitamruhusu, na jumatatu naenda kata. Nibebe nini? Na hiyo picha yake ya mchele nifanyeje?

Ustawi_Mstaafu
Cheti cha kuzaliwa chenye jina la baba, meseji za miamala usizifute, na karatasi ya matumizi ya mwezi ya kweli, usiongeze chumvi maana afisa naye ananunua mkaa. Picha mwachie aipeleke mwenyewe, ni kukiri kwamba mtoto ni wake. Dada zako wabaki nyumbani.

Shangazi_Mkali
Dada zake wabaki, mimi je? 😂

Ustawi_Mstaafu
Wewe hasa.