Kiwanda kusaidia sekondari za kata: vifaa vya maabara, kompyuta au ziara za kiwandani?

Rasilimali_Kibaha: Wakuu, habari za jioni. Uongozi wa kiwanda umetenga fungu la kusaidia sekondari mbili jirani ili vijana wakazanie sayansi. Mezani yapo matatu: vifaa vya maabara, kompyuta 20, au kuleta wanafunzi kiwandani. Pendekezo linatakiwa Ijumaa. Lipi lina tija?

Mwl_Fizikia: Mleta mada, hujatuambia kitu. Fungu ni la mara moja au la kila mwaka? Wanafunzi wa sayansi ni wangapi? Umeme upo? Kuna fundi sanifu wa maabara, au mwalimu wa kemia ndiye huyohuyo muosha bika (vikombe vya maabara)?

Bureti50: Kura yangu maabara, ila si vifaa vya kupigia picha. Kinachokwamisha ni vitu vinavyoisha. Titresheni moja (kupima ukali wa asidi kwa kuichanganya na besi) mwanafunzi anarudia mara nne kwa pipeti, mrija wa kupimia, ya ml 25, tayari ml 100 za besi, yaani myeyusho wa NaOH (magadi makali). Ongeza ya kusuuzia, weka 150. Wanafunzi 40 ni lita 6, na asidi kiasi hichohicho. Kwa ukali wa molari 0.1 hiyo ni gramu 24 tu za NaOH. Kwa asidi ya ukali huohuo, HCl kali ya asilimia 36 ni kama ml 8.6 kwa kila lita, na asidi ndiyo inayomiminwa kwenye maji, si kinyume chake. Kopo la NaOH likibaki wazi linanyonya unyevu na hewa ya ukaa, muhula ujao majibu yanagoma. Myeyusho wake tia kwenye chupa ya plastiki; kizibo cha kioo kinang'ang'ania hadi chupa inavunjwa. Bureti (mirija mirefu ya kudondoshea asidi) za koki ya kioo pia hukwama, chukua za koki ya plastiki.

Seva_Mfukoni: Kompyuta, jamani. Kolibri, programu ya masomo, inafanya kazi bila intaneti: Raspberry Pi moja (kompyuta ndogo ya kiganjani), ruta moja, masomo yote yamo ndani. Hakuna bando.

Mwl_Fizikia: @Seva_Mfukoni taratibu. Kuna shule ilipewa kompyuta za mezani 20 na kampuni moja, jina kapuni. Chumba kilikuwa na soketi mbili. Aliyefunga akaunganisha ekstensheni juu ya ekstensheni, waya wa milimita 0.75 za mraba. Kompyuta na skrini yake weka wati 120, mara 20 ni wati 2,400, yaani zaidi ya ampea 10 kwenye volti 230, wakati waya ule wa kubeba 6. Plagi ikayeyuka wiki ya kwanza. Wakapunguza, zikabaki nane. Nenosiri la msimamizi akaondoka nalo aliyefunga, hakuna aliyeweza kuongeza programu hata moja. Betri za UPS (kifaa cha umeme wa akiba) zikafa, umeme ukikatika mashine zinazimika ghafla, diski zikaanza kuharibika moja moja. Sasa chumba ni stoo ya madawati. Kama lazima kompyuta, chukua laptopu (wati 40 hivi), soketi zifungwe kwanza, na nenosiri liandikwe kwenye daftari la mkuu wa shule.

Seva_Mfukoni: Hilo ni kosa la fundi, si la kompyuta.

Kofia_Ngumu: Ziara ni rahisi kuliko zote, na ndizo huharibiwa zaidi. Basi la watu 60, mashine zinaunguruma, wa nyuma hasikii kitu. Weka 12 kwa kiongozi mmoja, viatu vya kufunika, barua za wazazi mapema. Mwalimu atangulie wiki moja kuona mstari wa uzalishaji. Kisha wape kazi: chumba cha kupimia ubora wa bidhaa, wapime unene wa sampuli 10 kwa mikromita (kipimo cha unene mdogo), wakokotoe wastani, wachore grafu, waseme ipi ingekataliwa. Ila msiwatumie kupakia maboksi mkaita mafunzo. Sheria ya ajira Tanzania inakataza kumwajiri aliye chini ya miaka 18 kiwandani.

Mlipa_Kodi: Kwani SDL (tozo ya waajiri ya kuendeleza ujuzi) ya 3.5% tunayokatwa kila mwezi ni ya nini? Sehemu si inakwenda VETA, kwenye vyuo vya ufundi? Tulipie mara mbili?

Bureti50: @Mlipa_Kodi SDL haitanunua methyl orange (rangi ya kuonyesha titresheni imefika) ya shule ya kata.

Mlipa_Kodi: Basi waibadilishe. Mwenye wafanyakazi tisa halipi, mwenye kumi ndiye analia.

Jirani_Nairobi: Wadau, mtawaleta kidato gani? Huku kwetu Kenya mwanafunzi anachagua mkondo akiwa gredi ya 9, na STEM (sayansi, teknolojia, uhandisi na hisabati) ni mmoja wa mitatu ya sekondari ya juu iliyoanza Januari 2026. Kwenu mchujo si uko kidato cha pili kwenda cha tatu? Mkileta wa kidato cha nne, aliyeacha fizikia ameshaiacha.

Kofia_Ngumu: Hoja nzito hiyo. Kidato cha pili, basi.

Rasilimali_Kibaha: Samahani, nilikuwa zamu. Fungu ni la mara moja. Shule moja umeme ni wa kubahatisha. Fundi sanifu hakuna kote kote.

Mwl_Fizikia: Hakuna fundi sanifu? Basi hata hizo bureti sijui. Galvanomita (vipima umeme mdogo) zitakaa kabatini, betri za volti 1.5 zivuje ndani ya vifaa hadi vishikizo viote kutu. Kiwanda hakiwezi kumtoa mtu wa chumba cha ubora siku moja kwa wiki?

Bureti50: Kama ni mara moja, msinunue zote leo. Muulize muuza kemikali kama atapokea hela yote na kukuletea kwa mafungu, kila muhula.

Rasilimali_Kibaha: Hilo la mtu wa chumba cha ubora nitamuuliza meneja. Zamu zenyewe hazitoshi.

Mlipa_Kodi: Mmeona? Turudi kwenye SDL.