Kanisa la mbao la Pwani: thamani yake ya urithi hupimwaje kabla ya kuamua kubomoa?

Mdau_Ruaraka
Wadau, habari zenu. Kamati yetu hapa Nairobi inachangia kanisa la kijijini, Pwani. Jengo ni la mbao, limeinuliwa juu ya nguzo fupi za mawe ya matumbawe, paa ni mabati. Mwaka lilipojengwa haujulikani. Upande wa bahari mbao za chini zimeoza na kuna mchwa. Nusu ya kamati wanataka lishushwe lijengwe la mawe, nusu wanasema ni urithi. Thamani hiyo inapimwaje kwa vigezo? Na tukibadilisha mbao mbovu, urithi unabaki?

Seremala_Gikomba
Anzeni na misumari, ili kukisia umri wa jengo. Chomoeni miwili mitatu ya fremu, pale palipokwisha kuoza. Ya mbao za nje haifai kwa kazi hii, kwani huenda ni ya ukarabati wa juzi. Msumari wenye shina la pembe nne ni wa zamani kuliko wa waya wa mviringo, ambao ulienea mwishoni mwa karne ya 19.

Halafu mulikeni tochi ubavuni mwa mbao ambazo hazikupigwa randa. Mikwaruzo ya upinde ni ya msumeno wa duara wa mashine. Iliyonyooka lakini yenye mteremko usiolingana ni ya watu wawili, mmoja juu, mmoja shimoni. Pandeni darini mtazame viungo vya kenchi. Mkikuta namba zilizochongwa kwa patasi, fremu ilikatwa na kujaribiwa chini kabla ya kusimamishwa. Matundu ya boliti yasiyo na kazi yanaonyesha mbao hizo zilishatumika kwingine.

Aina ya mti nayo ina uzito. Mvule au mbambakofi ni wa huku kwetu, msonobari wa Ulaya ulikuja kwa meli. Pelekeni kipande kidogo kwa wataalamu wa mbao wa KEFRI, taasisi ya utafiti wa misitu ya Kenya.

Ushahidi huu ndio sehemu kubwa ya thamani, na fundi mmoja mwenye haraka anaweza kuumaliza kwa asubuhi moja. Chora jengo zima kwa skeli ya 1:50 na viungo kwa 1:10, piga picha kila kiungo, ndipo nyundo ishikwe.

Faili_na_Vumbi
Upande wa sheria: Sheria ya Makumbusho ya Taifa na Urithi ya 2006 inaruhusu jengo la umri wowote kutangazwa katika Gazeti Rasmi kuwa jengo la kumbukumbu ya kihistoria (monument), mradi lina umuhimu wa kihistoria, kiutamaduni au kiusanifu. Kwa hiyo mtu akidai jengo "halijafika miaka mia", hoja hiyo haina nguvu. Kutangazwa hakuwanyang'anyi umiliki, ila mabadiliko yatahitaji kibali. Andikieni Makumbusho ya Taifa, Museum Hill, mkiambatanisha michoro.

Kuhusu mwaka, tafuteni kwanza daftari za ubatizo na ndoa za kanisa lenyewe. Halafu Nyaraka za Taifa, Moi Avenue. Kama misheni ilikuwa ya CMS (Church Missionary Society, ya Kianglikana), barua zake ziko Chuo Kikuu cha Birmingham. Za Wamethodisti ziko chuo cha SOAS, London.

Mdau_Ruaraka
Asanteni sana. Fundi wa huko anashauri tuzungushe sementi chini, tupake rangi ya mafuta, basi.

Seremala_Gikomba
Hapana. Sementi inashika maji miguuni mwa mbao, na mchwa wanapanda nyuma yake bila kuonekana. Rangi nzito ya mafuta inafungia unyevu ndani: ubao unanywa maji kwenye ncha iliyokatwa, haukauki, rangi inafura.

Chomeni bisibisi kwenye boriti ya chini. Ikizama kirahisi zaidi ya sentimita 1, hapo pameoza. Kipima unyevu kikizidi 20%, tafuteni maji yanatoka wapi kabla ya kununua ubao hata mmoja. Mara nyingi ni gata iliyoziba au udongo uliorundikana. Acheni angalau sentimita 30 kati ya ardhi na sakafu, na juu ya kila nguzo wekeni bati la kuzuia mchwa, lililokunjwa kuelekea chini, litokeze sentimita 5.

Mchwa nao wapo wa aina mbili. Vijia vya udongo ni wa ardhini, hao dawa yao ni ya kwenye udongo. Chembechembe ngumu kama mchanga ni wa mbao kavu, hao bati halitawazuia, dawa ya boroni iingizwe ndani ya ubao wenyewe.

Boriti msiitoe nzima. Kateni sehemu mbovu, ungeni kwa mkato wa mshazari wenye urefu mara 3 ya kimo cha boriti, kwa mti wa aina ileile. Jeki zipande milimita 2 au 3 kwa zamu, la sivyo viungo vya juu vinapasuka. Skrubu ziwe za chuma cha pua cha daraja la 316, na msitumie misumari ya shaba kwenye mabati, inakula zinki.

Nguzo_Saba
Kuhusu kubadilisha mbao: Hati ya Nara ya 1994, tamko la kimataifa kuhusu uhalisi wa urithi, inahesabu pia umbo, matumizi na ufundi, si mbao zenyewe tu. Makanisa ya mbao ya Chiloé, Chile, yaliingia orodha ya UNESCO mwaka 2000, na mbao zake zimekuwa zikibadilishwa miaka yote. Chongeni mwaka kwenye kila kipande kipya, upande usioonekana.

Ila sikubaliani na Seremala kwamba ushahidi wa fundi ndio sehemu kubwa. Kanisa ambalo kijiji kinalitumia kila Jumapili lina thamani hata kama misumari yake yote ni ya waya. Waulizeni wazee na kwaya walioko huko kabla kamati ya Nairobi haijapiga kura.