Mwanangu anatishiwa kusambaziwa picha za utupu, naombeni ushauri wa haraka

Mama Wawili:
Habarini wakuu. Jana usiku mwanangu wa kiume, miaka 15, kaja chumbani kwangu analia. Kuna "binti" waliyezoeana mtandaoni, wakahamia kuchati pembeni, akamtumia picha ya utupu na kumwomba naye atume. Alipotuma tu, lugha ikageuka: "Lipa ndani ya saa moja, la sivyo naituma kwa hawa." Chini kabandika majina ya wafuasi wake, hadi binamu zake wamo. Akiba yake yote ameshaituma, na bado anadaiwa. Baba yake anataka tulipe yaishe. Tufanyeje?

Kipanga:
Mnyang'anye simu na umchape, ndiyo dawa.

Mwalimu Mstaafu:
Kipanga, hapana. Huyo mtoto kaja mwenyewe kwa mama yake, akichapwa hatarudi tena. Wapo vijana waliojiua ndani ya saa chache baada ya vitisho vya namna hii. Dada, usimwache peke yake usiku huu. Mwambie wazi kwamba mkosaji ni yule anayemtisha.

Fundi Mitandao:
Pole sana mama. Msilipe. Ukilipa, anajua unazo, na dau linapanda. Huyo "binti" mara nyingi ni genge la matapeli, na picha waliyomtumia wameiiba kwa mtu mwingine.

Msifute chochote kwanza. Pigeni skrinishoti za vitisho, jina la akaunti na kiungo chake, namba ya simu, na risiti za pesa alizotuma. Hapo ndipo mripoti akaunti, mzuieni, kisha mfiche orodha ya wafuasi wa kijana.

Kuna huduma ya bure inaitwa Take It Down, ya NCMEC, kituo cha Marekani kinachoshughulikia watoto waliopotea na wanaonyanyaswa, kwa picha za utupu za aliye chini ya miaka 18. Picha haitoki kwenye simu yenu. Inatengenezewa alama ya kidijitali, na mitandao iliyojiunga, kama Instagram na TikTok, hutumia alama hiyo kuitambua na kuiondoa. WhatsApp ya mtu binafsi haifikiwi, hilo mlijue.

Bi Shufaa:
Naongezea: nenda polisi na ushahidi huo, ila picha yenyewe usimtumie mtu yeyote, hata shangazi, maana kuisambaza ni kosa kisheria. Na akitokea mtu inboksi anasema ataifuta kwa malipo, huyo naye tapeli. Namba ya huduma ya simu ya kuwasaidia watoto ni 116 katika nchi kadhaa za Afrika, ni bure.

Mama Wawili:
Asanteni mno. Baba yake kasoma, kakubali hatulipi. Skrinishoti tayari, tumemzuia. Sasa hivi kaja na akaunti mpya, anasema tumebakiwa na dakika kumi. Nimjibu?

Fundi Mitandao:
Usimjibu neno. Skrinishoti, ripoti, zuia. Simu ya kijana ikae kwako usiku huu, kwa makubaliano naye, asije akavisoma vitisho hivyo peke yake.