Nimestaafu na afya ninayo: saa za siku nizipeleke wapi?

Mtoa mada (Tabora)

Ndugu zangu, salaam. Nilistaafu mwaka jana kwa mujibu wa sheria, nilipotimiza miaka 60, baada ya kutumikia reli kwa miaka 34. Sehemu kubwa ya muda huo nilikuwa mkuu wa stesheni katika vituo vidogo vya Reli ya Kati, Goweko, Usoke na Kaliua, kabla ya kumalizia hapa Tabora mjini, ambako njia hugawanyika, moja ikienda Kigoma na nyingine Mwanza.

Sina shida ya kula. Nyumba ninayo, wanangu watatu wanajitegemea, mke wangu anauza vitenge sokoni na pensheni inaingia. Shida yangu ni nyingine, nami naona haya kuieleza mbele ya watu wanaonifahamu. Kila siku naamka saa kumi alfajiri kama nilivyozoea, naoga, navaa shati lililopigwa pasi, kisha nakaa sebuleni na saa yangu ya mkononi nikingoja kupambazuke. Honi ya treni ikilia naangalia saa, na treni ikiwa imechelewa moyo hunienda mbio kana kwamba ni mimi nitakayeandika sababu kwenye daftari. Juzi mke wangu alinikuta nimesimama mlangoni, akaniuliza namsubiri nani. Nikakosa jibu.

Wengi hunipa mfano wa Mwalimu Nyerere, kwamba aling'atuka mwaka 1985, akarudi Butiama kulima, na bado akaongoza Tume ya Kusini na baadaye kusuluhisha mgogoro wa Burundi. Mfano huo naupenda, lakini haunifai. Mwalimu alifuatwa na mataifa. Mkuu wa stesheni ya Usoke atafuatwa na nani? Nimeshauriwa pia ufugaji wa nyuki, maana huku ndiko kwenye asali, nikanunua mizinga mitano na kuitundika porini upande wa Sikonge. Nyuki wameingia katika miwili. Tatizo ni kwamba nyuki hawamhitaji mtu kila siku. Naomba waliopita njia hii wanieleze walifanyaje.

Mkunga Mstaafu (Muheza)

Mdogo wangu, pole, wala usione haya. Mimi nilikuwa muuguzi mkunga, na huu ni mwaka wa sita tangu nistaafu. Mwaka wa kwanza nilifanya kosa ambalo nadhani wastaafu wengi hulifanya, la kujitafutia cheo kipya. Nilitangaza kanisani kwamba kila Jumamosi nitatoa somo la afya ya uzazi kwa kina mama vijana. Wiki ya kwanza walikuja 12, ya pili wanne, ya tatu akaja mmoja, naye alifuata chai. Nilinuna mwezi mzima. Baadaye ndipo nilipokiri kwamba somo lile nililihitaji mimi mwenyewe, hakuna aliyeniomba.

Kilichonitoa hapo ni jambo dogo. Binti wa jirani, mwenye mimba ya kwanza, alinijia jioni moja na kadi yake ya kliniki nimsomee yaliyoandikwa humo kwa mwandiko wa haraka, kwa sababu aliona aibu kumuuliza nesi. Nikamsomea, nikamwambia tarehe ya kurudi, na kwa kuwa nawajua mabinti, nikaiandika na mimi kwenye daftari la mjukuu wangu lililobaki kurasa. Siku ilipofika nikampitia asubuhi tukaenda wote. Akafuata wifi yake, ambaye alikuwa hajahudhuria hata mara moja, ilhali sisi husisitiza hudhurio la kwanza liwe kabla ya wiki 12. Leo daftari lina majina tisa. Siwazalishi, siwapi dawa, wala sishindani na wauguzi wa zahanati. Nawasomea kadi na kuwakumbusha siku zao. Nilipokuwa bado navaa sare nisingekubali kwamba hiyo nayo ni kazi.

Nikikusoma naona kwamba unachokikosa si reli. Umezoea kungojewa. Abiria walikungoja, dereva wa treni aliingoja bendera yako, na sasa hakuna anayetazama saa kwa ajili yako. Nakushauri uangalie palepale mtaani kwako kama kuna mtu, hata mmoja, anayeweza kukungoja siku fulani na saa fulani, kwa jambo unalolijua kweli.

Mhasibu wa Dodoma

Shikamoo mzee wangu. Naongeza upande wa fedha kwa ufupi, kwa kuwa mambo haya mawili huchanganywa. Mkupuo, yaani sehemu ya pensheni inayolipwa kwa mara moja mtu anapostaafu, umeongezwa tangu mwaka wa fedha wa 2024/2025, kutoka asilimia 33 hadi 40 kwa kundi moja la wastaafu na hadi 35 kwa jingine, na watu wengi wanapoupokea hudhani kwamba upweke wanaousikia nafsini ni ukosefu wa biashara. Marehemu baba yangu alinunua basi dogo. Alikuwa akiliamkia kabla ya jua, analikagua matairi, anampa dereva maelekezo ambayo dereva hakuyahitaji. Sisi watoto tulidhani anafuata faida. Nadhani alikuwa akifuata ile salamu ya asubuhi ya mtu aliye chini yake, na salamu hiyo ilimmalizia mkupuo wote katika miaka miwili. Mizinga mitano haikuumizi, mzee. Usiifanye hamsini kwa ajili ya upweke.

Mwana wa Nungwi

Kwa heshima zote, naona mnamchosha mzee wa watu. Hapa Unguja Pensheni Jamii ilianza Aprili 2016 kwa waliofikia miaka 70, bila ya kuulizwa kama waliwahi kuajiriwa, nami naona hilo ni jambo la busara, kwa kuwa mzee hana haja ya kuthibitisha kwamba bado ana faida.

Ila kuna kitu nakikumbuka. Babu yangu alikuwa mvuvi, na hakuwahi kustaafu kwa maana yenu. Kwanza aliacha bahari kuu akabaki na dema, mitego ya samaki, za karibu, kisha akaacha kwenda majini akawa anashona nyavu, na mwishowe alikaa tu barazani, vijana wakimuuliza juu ya upepo kabla ya kushusha ngalawa. Kuiacha bahari kulimchukua miaka 20 au zaidi. Wewe mzee wangu reli umeiacha siku moja, baada ya sherehe na soda. Hapo ndipo palipokuumiza, na sioni kwamba una upungufu wowote.

Mtoa mada (Tabora)

Marahaba kijana wa Dodoma, na asanteni nyote. Zimepita wiki tano, narudi kutoa taarifa.

Dada yangu wa Muheza, nilikaa na maneno yako siku kadhaa bila kuona mtu wa kuningoja. Kisha nikagundua kwamba mjukuu wangu wa darasa la nne hawezi kusoma saa ya mishale. Huijua ya simu tu, tena simu ikiandika 17:00 haoni kwamba hiyo ndiyo saa kumi na moja jioni yetu. Kwenye reli jambo hilo tulilifundishwa mwanzoni kabisa, maana nimeshuhudia abiria wakifika na mizigo yao saa sita nzima baada ya treni kuondoka. Nilikwenda shuleni kwake, na mwalimu wa hesabu akanikubalia Jumanne na Alhamisi, saa tisa alasiri, chini ya mwembe. Nilianza na watoto saba, na bado ni saba.

Jumatatu, Jumatano na Ijumaa zingali zinanielemea, sitawaficha, na ndugu wa Nungwi huenda ana haki kwamba nahitaji muda zaidi. Lakini Alhamisi iliyopita nilicheleweshwa na mvua, nikamkuta mtoto mmoja getini ameshika mkono wa mwenzake mwenye saa. Akaniambia, "Babu, dakika saba."

Saa ya ukutani tunayojifunzia ni ya zamani, ya kujaza kwa ufunguo, na sasa mshale mkubwa unakwama kwenye nane. Aliye Tabora anayemjua fundi wa saa za aina hiyo naomba anielekeze kabla ya Jumanne.